Krismasi ya Karai Moja

Ikigonga tarehe 20 Disemba, fea ya ocha huruka. Mat ya Kisii ama Kakamega inaitisha karibu mara mbili, na wasee wa Country Bus wanajua utalipa tu. Mwaka uliopita si watano tulikaa chini kwa keja tukapiga hesabu: kwenda na kurudi ingemaliza karo ya sista, na Januari shule inafunguliwa hapo hapo. Mathe akanyamaza. Tangu azaliwe hajai kosa Krismasi kwa shosh.

Tukabaki Kayole.

Mi nilijua nitalala siku nzima. Kumbe tarehe 24 jioni mathe ametandika gunia mbele ya mlango, karai katikati, anaambia kila mtu anawe mikono. Hata mbuyu, na mbuyu hajai shika unga. Pakiti mbili za kilo mbili mbili, soo mbili hivi kila moja. Akaponda malenge ya kuchemsha akachanganya ndani, ju inafanya chapo ikuwe laini na unga ifike mbali. Gesi tuliiacha. Chapo za kulisha watu wengi ni za jiko ya makaa, manze. Tukingoja unga ilale nusu saa, mbuyu akaanza stori. Venye walikuwa watoi huko ocha, chapo ilikuwa ya Krismasi pekee: mtu anahesabiwa mbili, anadishi moja, ingine anaificha ndani ya shati ndio aamke nayo tarehe 26. Nimekaa na huyu mzae miaka 23 na sijai skia hiyo stori.

Mbuzi ya Krismasi yenyewe ilikuwa ya ploti mzima. Keja kumi, thao moja kila keja. Mbuzi ikaenda thao nane, salio ikaingia kwa makaa, chumvi na soda za watoi. Jirani yetu Mwislamu ndiye alichinja, ndio kila mtu adishi bila wasiwasi. Mathe wa mlango wa mwisho hakuwa na hiyo thao, kibarua yake ilikuwa imeisha tangu Oktoba. Alikuja na sufuria yake kubwa, akaosha matumbo, akajaza mutura, na hakuna mtu alimuuliza doo. Hii kitu naibeba sana kwa roho. Mtaani msee akikosa mchango hujifungia ndani, watoi wake wanabaki kuskia harufu tu. Mkichanga, pigeni hodi kwa huyo kwanza.

Kitu kidogo ya ile fea tulimtumia shosh kwa M-Pesa, saa nane tukampigia tukaweka spika. Akaombea ploti yote, mlango kwa mlango, venye mathe anamtajia majina. Halafu akauliza nani amesukuma chapo.

"Ni mimi, mama," mbuyu akajibu.

Shosh alicheka mpaka akakohoa, na mathe, mara ya kwanza hiyo wiki, akacheka pia.