Joto Ndani ya Basi Linaweza Kuua

Kuanzia Desemba hadi Machi jua la pwani ni kali. Basi lililojaa watu huwa na joto kuliko nje. Kwa hiyo, kabla ya safari, kunywa maji ya kutosha. Chukua na mengine safi na salama. Fungueni madirisha. Mtoto mchanga asifunikwe gubigubi; anyonyeshwe mara kwa mara.

Je, abiria mwenzako ana mwili wa moto na anaongea ovyo? Usidhani amelewa. Huenda joto limemzidi. Mwambieni dereva asimamishe basi. Mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mmwagieni maji mwilini na mpepeeni. Akizimia, msimnyweshe kitu. Mkimbizeni zahanati, huku mkiendelea kumpoza. Ukichelewa, anaweza kufa.