Nilitia sahihi kabla ya kuelewa: maneno ya bodi za wadhamini

Siku niliyofanywa mdhamini nilidhani nimepewa deni la mtu.

Unacheka, lakini hebu sikiza. Huku kwetu Nyamira neno hilo lina kazi tatu. Mdhamini ni yule anayekusimamia ukichukua mkopo kwenye sacco, ukitoroka anakatwa yeye. Mdhamini pia ni tajiri anayenunulia timu ya mtaa jezi. Halafu kuna huyu wa bodi, ambaye hakopeshi wala hadaiwi kutoa hata shilingi. Kazi yake ni kushika mali isiyo yake, kwa faida ya watu wengine. Mimi nilikuwa naingia kwa huyo wa tatu huku kichwani nina yule wa kwanza.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, nikarudi kutafuta riziki Keroka, ule mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeuvutania miaka nenda miaka rudi. Wazee wa mfuko mmoja unaolipia mayatima karo, jina nitaliacha, wakasema wanataka kijana kwenye bodi, tena anayejua kompyuta. Nikapewa chai, mkate na ukatibu.

Neno la kwanza kunichanganya lilikuwa hati ya udhamini. Nilidhani ni ile setifiketi iliyotundikwa ukutani. Kumbe setifiketi inasema tu kwamba mmesajiliwa. Hati ndiyo inayosema pesa ni za nini, wadhamini ni wangapi, wanaingiaje na wanatolewaje. Yetu ilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti, ndani ya sanduku, na niliisoma mara ya kwanza tayari mambo yameharibika.

Yaliharibika kwa sababu ya neno moja dogo: akidi.

Akidi ni idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili mkutano uhesabike kuwa mkutano. Sisi tulikuwa saba, na hati inataka watano. Mmoja wa waliokuwa wakitia sahihi benki alikuwa ameaga dunia, na benki ikataka kumbukumbu zinazoonyesha bodi imemteua nani badala yake. Tukaitisha kikao Ijumaa. Sasa Ijumaa huku Gusii, na matanga yalivyo, nani atakuja? Tulifika wanne.

Mwenyekiti akaniangalia. "Kijana, andika mama naye alikuwepo. Yeye hana shida."

Nikaandika. Kwa mkono wangu. Niliona ni heshima kwa wazee, tena ni kuokoa muda. Wiki iliyofuata benki ikampigia yule mama kuthibitisha, naye kwa ukweli wake akajibu, "Mimi? Siku hiyo nilikuwa Nairobi kwa binti yangu."

Akaunti ikasimamishwa hadi tufanye kikao halali. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye karo yake ilikuwa humo humo, akarudishwa nyumbani. Alikaa wiki tatu. Nilikuwa nakutana naye njiani amebeba majani chai kupeleka kituo cha kununulia, ananisalimia vizuri tu, "Shikamoo kaka," na mimi sina pa kuweka uso.

Kumbukumbu, au miniti kama tunavyoziita, si insha ya kufurahisha mwenyekiti. Ni ushahidi. Na kilichomo kinachoipa benki nguvu ya kufanya kitu ni azimio, yaani uamuzi uliopendekezwa, ukaungwa mkono na kupitishwa. Mkiongea saa tatu bila azimio, mmepiga gumzo.

Tukiwa bado kwenye aibu hiyo, likaja la pesa zenye masharti. Jamaa zetu walioko Minnesota, na Wakisii huko ni wengi, walikuwa wamechanga na kuandika wazi: karo tu. Mjumbe mmoja akataka tukope kidogo humo turekebishe paa la ofisi, tutarudisha chai ikilipa bonasi. Paa lilikuwa linavuja kweli, hata mimi lilininyeshea. Lakini pesa iliyotolewa kwa kazi moja haigeuzwi kazi nyingine mpaka aliyeitoa akubali. Tuliwapigia simu, wakakataa. Tukaweka ndoo.

Mgongano wa maslahi huo nimeuacha karibu na mwisho manake ndio unaoudhi watu. Mweka hazina wetu ana duka la sare za shule. Je, ni mwizi? Hapana, bei zake hata ni nzuri. Tatizo ni kwamba alikuwa anakaa mezani kuamua sare zinunuliwe wapi. Anachotakiwa kufanya ni kusema mapema, "hili linanigusa," atoke nje, wengine waamue, na miniti ziandike kwamba alitoka. Mara ya kwanza kumwomba hivyo alinuna kama nimemtukania mzazi.

Kuna neno moja la sheria ambalo ningependa kila kijana wa huku alijue, kwa vile mashamba yetu yamekatwakatwa mpaka watu wanagombania mpaka wa migomba. Sura ya 164 ya sheria za Kenya inawaruhusu wadhamini kusajiliwa kama mwili mmoja usiokufa. Ploti inaandikwa kwa jina la mwili huo, si la mzee fulani. Mzee akifa, ploti inabaki ya mayatima, na wanawe hawana la kudai. Yaliyosajiliwa kama mashirika ya manufaa ya umma nayo yana sheria yao, iliyopitishwa 2013 lakini ikaanza kufanya kazi 14 Mei 2024. Miaka 11 kwenye kabati! Hiyo inachukua nafasi ya ile ya 1990 ya mashirika yasiyo ya kiserikali.

Msichana alirudi shuleni baada ya kikao cha watu sita, yule mama akiwa wa kwanza kufika.

Mwezi uliopita tuliitana tena. Saa nne wakafika watatu, saa tano tukawa wanne. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe, nikangoja. Mwenyekiti akatuhesabu kwa kidole, akajihesabu na yeye, akavuta birika.

"Hatujatimia. Mimina chai, kijana, tunywe twende nyumbani."