Kutu Chini ya Rangi Mpya

Tuseme una Land Rover pikapu ya zamani hapo Buhembe. Umeifufua nusu, fedha za fundi zimekwisha, sasa unaiuza. Bodi ni ya alumini. Ukiipaka rangi inang'aa. Lakini chasisi ni ya chuma, na mvua zetu za Kagera unazijua. Huko chini umeziba matundu kwa puti, ukapaka rangi nyeusi.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilijadili jambo hili katika karne ya 13. Farasi mwenye jicho moja, mnunuzi anamwona mwenyewe. Ila kasoro iliyofichika yenye kuleta hatari au hasara, kama nyumba inayotaka kuanguka, muuzaji lazima aiseme. Hakudai uitangaze sokoni (alijua biashara, mtawa huyu!), bali umwambie anayekuja kununua.

Viti vilivyochanika ataviona. Kuhusu chasisi, mpe tochi ainame aione kabla hajalipa. Bei itashuka, na ada ya mtoto inasubiri. Naelewa. Lakini gari hilo kesho litapanda Kamachumu likiwa na ndizi, na watu juu ya ndizi.