Shabana, Obokano na Mipaka ya "Sisi"

Septemba 1972, jijini Munich, Wakenya wanne walitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kupokezana vijiti, mita 400 kwa kila mkimbiaji, kwa dakika 2 na sekunde 59.8. Watatu kati yao walikuwa Abagusii, au Wakisii kama wengi wanavyowaita: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko. Wa nne, Julius Sang, alikuwa Mkalenjin. Ouko, aliyemaliza wa tano pia katika mita 800 kwenye michezo hiyohiyo, alizaliwa Manga, kule kwenye genge linalotazama mji wa Kisii na, anga ikitakata, Ziwa Viktoria. (Si yule waziri wa mambo ya nje aliyeuawa mwaka 1990. Jina Ouko liko kwa Waluo na liko kwa Wakisii, na hilo peke yake lingetosha kuwatuliza wanaodhani majirani hawa hawana walichoachiana.) Kabla yao Nyandika Maiyoro alikuwa ameshakimbia Vancouver mwaka 1954 na Melbourne mwaka 1956, wakati Kenya haijapata hata kituo cha televisheni. Lakini leo muulize Mkenya yeyote wanariadha hutoka wapi, atakutajia Iten, Eldoret na Kapsabet. Hakosei, ndivyo alivyoonyeshwa. Enzi ya runinga na pesa za marathoni ilipowadia, kamera ilipanda Bonde la Ufa ikakaa huko, na Gusii ikatoka kwenye picha.

Ndiyo maana usemi kwamba michezo na muziki wa runinga ni kioo cha jamii unahitaji kukaguliwa kidogo. Kioo humwonyesha yeyote anayesimama mbele yake. Runinga humwonyesha aliyechaguliwa na mwenye kamera na kulipiwa na mwenye tangazo. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo uwanja na wimbo hulifichua vizuri kuliko hotuba yoyote, nalo ni upana wa neno "sisi": nani yumo, nani yuko nje, na neno hilo hutanuka au hujikunja mbele ya nani.

Tazama Shabana. Klabu hii ya soka ilianzishwa mjini Kisii mwaka 1980, na jina lake lilitokana na duka la vifaa vya ujenzi la mfanyabiashara Dogo Khan. Neno lenyewe si la Ekegusii, lugha ya Wakisii. Ajabu ni kwamba mwaka uleule ndio serikali ilipokuwa ikizibana klabu ziache majina ya kikabila: Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Reunion. Kwa hiyo Shabana ilizaliwa ikiwa na jina safi kabisa machoni pa serikali, jina la duka, na bado ikawa timu ya Wakisii kuliko kitu kingine chochote walicho nacho. Mashabiki waliitia jina la pili, Tore Bobe, na hilo ni la Ekegusii hasa. Amri ile iliufuta wino wa kwenye karatasi. Waliokaa jukwaani walibaki walewale. Hadi leo AFC Leopards ina Waluhya wake na Gor Mahia ina Waluo wake, na mechi yao inaitwa Debi ya Mashemeji, jina linalokiri kwamba hawa wanaotupiana maneno uwanjani wanaoana nyumbani.

Jukwaa la Shabana lina jambo ambalo siasa ya Gusii haina. Wakati wa kura, hesabu ni za koo: Abagetutu wangapi, Abanyaribari wangapi, Abamachoge, Ababasi na Abagirango wamesimama na nani. Tena eneo lenyewe limegawanyika, Kisii huku na Nyamira kule, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Nyamira ilipopewa wilaya yake. Uwanja wa Gusii uko upande wa Kisii, lakini shabiki anayeteremka kutoka Manga, upande wa Nyamira, haulizwi ukoo wake mlangoni. Kwa dakika tisini "sisi" ni pana kuliko kaunti. Kesho yake inarudi kuwa nyembamba, kwa sababu mpira hauna kazi za kugawa wala barabara za kuweka lami. Anayesema mpira unawaunganisha Wakisii anasema kweli, ila muungano huo hauna ofisi.

Lipo pingamizi la haki hapa. Je, timu ya kabila si ndiyo inayozaa mawe na ngumi? Vurugu zimekuwako katika viwanja vya Kenya, na baadhi zimefuata mistari ya lugha. Lakini tazama upande wa pili. Ligi ina timu za kampuni na za idara, kama Tusker, Ulinzi Stars ya jeshi na Kenya Police, zisizo na kabila na zenye makombe. Viti vyao mara nyingi huwa vitupu. Shabiki haendi uwanjani kutafuta mahali pasipo na ukabila. Anakwenda kutafuta mahali anapohesabiwa. Shabana iliposhuka daraja mwaka 2006, pengo hilo halikujazwa na timu ya taifa. Mwaka uliofuata, 2007, ligi kuu ilitia saini mkataba na runinga ya SuperSport, kwa hiyo kamera ziliingia ligini Shabana ikiwa imeshatoka, na zilipoondoka mwaka 2017 ilikuwa haijarudi. Ilirudi 2023, baada ya miaka 17. Kizazi kizima cha Gusii kilijifunza kushabikia katika vibanda vya mpira, Arsenal huku na Manchester United kule, na ndugu wa tumbo moja wakanuniana kwa ajili ya miji ambayo hawajaikanyaga. Ukabila haukuisha, ulipata jezi za Uingereza.

Wengine watasema haya yote ni burudani tu, siasa ziachwe nje. Warudi Munich. Marekani haikuwa na kikosi katika mbio zile za vijiti, sababu moja kubwa ikiwa ni kwamba Vince Matthews na Wayne Collett, weusi wawili waliochukua dhahabu na fedha ya mita 400, walifukuzwa mashindanoni kwa namna walivyosimama jukwaani wimbo wa taifa lao ukipigwa. Mgawanyiko wa rangi wa Marekani ulishiriki katika dhahabu ya Asati, Nyamau na Ouko. Hakuna aliyeualika.

Kwenye muziki mambo yana undani zaidi. Obokano, kinanda cha nyuzi nane chenye mngurumo mzito, ndicho sauti ambayo Mkisii huitambua hata akiwa mbali. Lakini Waluo wana nyatiti, Wabukusu wana litungu, na vyote ni ndugu wa familia moja. Kadhalika benga: ilizaliwa kwa Waluo, ikavuka mpaka, na Christopher Monyoncho na bendi yake ya Riakimai wakaiimba kwa Ekegusii mpaka ikawa mali ya nyumbani. Kinachotenganisha ni maneno, mapigo yamekopwa. Redio kama Egesa FM zilipokuja, zililipa lugha hii nafasi ambayo redio ya taifa iliipimia kwa kijiko. Ni kweli pia kwamba Tume ya Waki, baada ya vita vya uchaguzi wa 2007, ilizinyooshea kidole redio za lugha za mama, na mwaka 2012 waimbaji watatu wa Kikuyu walishtakiwa kwa nyimbo za chuki. Sioni kwamba hilo linaihukumu lugha. Aliyetaka kuchochea angepata njia hata kwa Kiswahili sanifu.

Mgawanyiko unaonekana vilevile ndani ya nyumba. Wasabato wamekita mizizi Gusii tangu karne iliyopita ilipokuwa changa, na kwao Jumamosi ni siku ya ibada. Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku kubwa ya ligi ya Uingereza. Kila wiki kijana hupiga kura kimya kati ya kwaya na kibanda. Halafu yuko Embarambamba, aliyejitambulisha kama mwimbaji wa injili, huku akipanda miti na kujigaragaza matopeni mbele ya kamera. Wazee wamekasirika, na video zimeenea kweli. Namwona kama jibu la kweli kwa skrini ya leo: mpiga obokano aliyeketi akatulia hapewi nafasi, anayejitupa matopeni anapewa. Lawama za wazee zingepaswa kugawanywa, nusu yake iende kwetu sisi tunaobonyeza.

Na "sisi" hii, hata inapokuwa pana kabisa, ina pengo. Majina yote yaliyotajwa hapa, wakimbiaji, mwenye duka, waimbaji, ni ya wanaume, na obokano yenyewe kwa desturi hupigwa na wanaume. Wahariri wa redio na runinga za Gusii, safari ijayo mkipanda Manga na kamera, anzeni kwa akina mama.