Tamasha la usiku mmoja, debe la miezi minne

Januari 2014 maji ya mto Mkundi yalipofurika, barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ilikatika darajani Dumila, na familia nyingi za Dumila, Magole na vijiji jirani zikabaki bila nyumba. Mahema yakasimamishwa. Unga, maharage na mablanketi vikachangwa. Hakuna aliyemuuliza mama mwenye mtoto mgongoni amekosana nini na mto.

Mama anayekimbia kipigo usiku naye hana nyumba. Ana watoto, ana kanga aliyojifunga na pengine simu isiyo na salio. Lakini yeye huulizwa: "Ulimfanya nini mumeo?" Akimaliza kujibu huambiwa arudi akavumilie, watoto wasikose baba.

Nyumba salama ni hema la mafuriko ya aina hii. Ni makazi ya muda ambako mwanamke na watoto wake wanalala bila hofu, wanatibiwa, wanapata mtu wa kuwasikiliza na wakili au msaidizi wa kisheria wa kuwaelekeza. Nyumba za namna hii huendeshwa zaidi na mashirika na taasisi za dini, na fedha zao hazitoshi. Ndiyo sababu watu huandaa matamasha ya hisani: kwaya, bendi, ngoma na vichekesho, kiingilio kikaenda kuwalisha walio ndani.

Swali la mzazi anayenunua tiketi ni la msingi. Je, usiku mmoja wa muziki unamsaidia kweli mama aliyekimbia?

Mjomba yuko mbali

Kwa Waluguru na Wakaguru, wenyeji wa sehemu hizi za Morogoro, ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamke ana ardhi ya ukoo wake na ana wajomba. Akionewa kwa mume, anajua pa kurudi, na mume anajua kwamba kuna watu watakaomuuliza.

Dumila ya leo ni njia panda. Barabara moja inakwenda Morogoro mjini, umbali wa karibu kilomita 70, nyingine Dodoma, nyingine Kilosa na nyingine Turiani. Watu wamefika kutoka mikoa mingi kulima, kufuga, kuuza mboga kwa abiria wa mabasi na kufungua maduka. Wengi wameolewa mbali na kwao. Mjomba yuko siku nzima ya safari, na nauli ya mama na watoto watatu haipatikani saa nane za usiku.

Tatizo lenyewe si la nyumba moja mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Katika ukumbi wa tamasha wenye wanawake 100, wapo.

Na sheria haimtaki avumilie. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Wapo wanaobaki kwenye kipigo kwa kuogopa kutoka mikono mitupu, kwa sababu nyumba na shamba vina jina la mume. Nao wana la kushika: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini haki hiyo huchukua miezi mahakamani. Katika miezi hiyo lazima mtu alale mahali.

Jukwaa lililojenga nyumba Narok

Mfano wa jukwaa kuzaa nyumba uko jirani, Kenya. Agnes Pareyio, mwanamke wa Kimaasai wa Narok, alikuwa akitembea kijiji hadi kijiji kwa miguu akiwaeleza wazazi madhara ya ukeketaji, kitu ambacho yeye mwenyewe alifanyiwa akiwa msichana. Wasichana walipoanza kumkimbilia, hakuwa na mahali pa kuwaweka.

Wakati huo mwandishi wa tamthilia wa Marekani, Eve Ensler, alikuwa ameanzisha mwaka 1998 kampeni ya V-Day. Utaratibu wake ni rahisi: vikundi duniani kote huigiza tamthilia yake kila Februari, na fedha za tiketi hupewa mashirika yanayosaidia wanawake. Kampeni hiyo ilimpa Pareyio gari kwanza, kisha fedha za kujenga. Nyumba ya wasichana ikafunguliwa Narok mwaka 2002. Wanaofika hapo wakikimbia ukeketaji na ndoa za utotoni hupelekwa shule, na wazazi wao huitwa kuzungumza ili siku moja binti arudi nyumbani kwa amani.

Kampeni hiyo hiyo ilishiriki kujenga Jiji la Furaha huko Bukavu, mashariki mwa Kongo, lililofunguliwa mwaka 2011 kwa wanawake walionusurika ukatili wa vita. Wanakaa miezi sita wakitibiwa majeraha ya moyo na kujifunza kazi za kujitegemea.

Hapa nchini, mkoani Mara, Rhobi Samwelly ameongoza nyumba salama za wasichana wanaokimbia ukeketaji, Butiama na Serengeti. Nyumba hizo hufurika hasa kuelekea Desemba, msimu wa kukeketa. Sahani zinazohitajika huongezeka ndani ya wiki chache, na mchango wa mwezi Machi unakuwa umekwisha zamani.

Hapo ndipo penye fundisho. Narok haikujengwa kwa onyesho moja. Ilijengwa kwa maonyesho mengi yaliyorudiwa kila mwaka, na ikaendelea kuishi kwa sababu watu waliendelea kuchanga pazia liliposhuka.

Hesabu ya tiketi na hesabu ya debe

Chukua mfano. Tamasha linafanyika Dumila, watu 300 wanaingia, kiingilio Sh5,000. Zinapatikana Sh1,500,000. Toa spika, jenereta, turubai, viti na walinzi, tuseme Sh600,000. Zinabaki Sh900,000.

Nyumba salama yenye wanawake 10 na watoto 20 ina watu 30. Ukiweka Sh3,000 kwa kila mtu kwa siku, kwa ugali, mboga, mafuta na mkaa, ni Sh90,000. Tamasha zima limekwenda kwa siku 10.

Sasa badilisha kiingilio. Dumila ni nchi ya mahindi na mpunga. Tamasha lifanyike baada ya mavuno, na kila watu watatu waje na debe moja la mahindi. Watu 300 wataleta madebe 100. Debe lina kilo 18 hivi, kwa hiyo ni kama kilo 1,800. Watu 30 wakila dona nusu kilo kila mmoja, zinakwenda kilo 15 kwa siku. Mahindi hayo yatafika siku 120, yaani miezi minne.

Debe halinunui kila kitu. Mahindi yanahitaji dawa ya kuhifadhia, ghala kavu na fedha ya kusaga. Lakini ugali ukishapatikana, fedha taslimu zinabaki kwa vitu ambavyo havioti shambani: sabuni, taulo za kike, sare za shule, dawa, na nauli ya mama anayeitwa mahakamani Kilosa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kimoja ni chakula cha mtoto.

Simulizi yake si kiingilio

Kuna jambo moja ambalo limeharibu nia njema ya matamasha mengi: kumpandisha jukwaani mwanamke mwenyewe, aeleze alivyopigwa, watu walie na kutoa zaidi. Dumila si jiji. Mtu mmoja akirekodi kwa simu, kesho mume ameshaona, na keshokutwa watoto wake wanachekwa shuleni. Mtu aliyekuja kutafuta usiri amelipia chakula chake kwa aibu.

Waandaaji makini huweka masharti mapema. Jina, picha na sauti za walioko kwenye nyumba hazitumiki. Mahali nyumba ilipo hapatajwi, hata kwenye shukrani. Watoto hawapandishwi jukwaani kueleza ya nyumbani kwao. Anayesimama kuzungumza awe muuguzi, afisa ustawi wa jamii au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, anayeeleza huduma ilivyo bila kumtaja mtu.

Maneno yao yana faida kubwa kuliko machozi. Mwanamke au mtoto aliyebakwa awahishwe hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na nguo alizovaa zisifuliwe. Kituo cha polisi hutoa fomu namba 3, maarufu PF3. Kwa ukatili dhidi ya mtoto, namba 116 hupigwa bure. Katika umati wa watu 300 kuna anayezihitaji taarifa hizi usiku ule ule, na anaweza kuzisikia bila kujulikana, kwa sababu alikuja tu kusikiliza kwaya.

Mzazi aulize nini

Kabla ya kununua tiketi, mzazi ana haki ya kuuliza. Fedha zinapokelewa na nani? Je, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaitambua nyumba hiyo? Mapato na matumizi yatasomwa lini, na kwa nani? Mahindi yatahifadhiwa wapi? Mwandaaji mwaminifu hakasirishwi na maswali haya. Mwenye hasira aachwe na tiketi zake.

Wanaume wasibaki nyumbani. Baba anayebeba debe mbele ya wanawe amewafundisha bila hotuba kwamba kipigo si siri ya ndoa. Mtoto wa kike naye anajua kwamba siku akiolewa mbali, na mambo yakamgeukia, baba yake hatamwambia avumilie.

Mafuriko ya 2014 yalikuja mchana na usiku, kila mtu aliyaona. Haya mengine huingia nyumba moja moja, mlango ukiwa umefungwa, na majirani husikia. Mama akigonga mlango wa jirani usiku huo, swali la kwanza liwe: "Watoto wamekula?"