Ua la Mbuyu

Leo tuzungumze juu ya mti ambao sisi watu wa pwani tumeuzoea mno hata hatuutazami tena, yaani mbuyu.

Mjini Kilifi mibuyu imesimama kati ya nyumba na maduka. Chini yake tunangojea gari, tunauza maembe na korosho, tunafunga mbuzi. Katika shina lake tunapigilia matangazo kwa misumari. Wakati wa kiangazi mti huo hauna jani hata moja, na watu husema ulipandwa kichwa chini. Nani atautafuta uzuri hapo?

Lakini zikaribiapo mvua za vuli, mti huo huo hutoa matumba makubwa yanayoning'inia. Jua likitua, wakati sisi tunasukumana mlangoni pa matatu tuwahi nyumbani, tumba hupasuka na ua jeupe hufunguka, pana kama kiganja cha mtu mzima. Wageni wake ni popo. Huja kunywa maji yake matamu, nao huchukua unga wa ua hili hadi ua lile, na kwa kazi hiyo sisi tunapata mabuyu. Kesho yake ua limenyauka na kuanguka, na mwenye kufagia hulizoa pamoja na takataka. Hivyo wengi wetu tunalijua ua la mbuyu likiwa taka tu.

Mwaka 2022 tulipata somo. Mibuyu mikubwa iling'olewa mizima huko Kilifi ili ipelekwe nchi ya Georgia, ikapambe bustani. Wenye mashamba walilipwa, nao walikuwa na haja zao; tusiwahukumu. Kelele zikawa nyingi, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaamuru jambo hilo lichunguzwe. Basi tujiulize: mbona mtu wa ng'ambo aliuona uzuri wa mti ambao kwetu ulikuwa mahali pa kupigilia msumari? Na mbona wengi wetu tulianza kuuonea uchungu siku ile tulipouona umelala, mizizi nje?

Ndivyo tunavyofanya na watu pia. Yuko mama achomaye mihogo pale kituoni. Yuko mzee alindaye duka usiku kucha. Tunawapita kila siku, na wema wao tunakuja kuusema penye mazishi. Bwana Yesu alipotaka kuwatuliza watu wenye wasiwasi, aliwaonyesha maua ya kondeni. Hakuwapeleka mbali, aliwaonyesha yaliyokuwa karibu na miguu yao.

Basi jioni ya leo, kabla ya kupanda gari, tuinue macho kidogo. Na yule mama wa mihogo tumwulize habari za nyumbani, kisha tungoje jibu lake. Mungu atupe macho ya kuona mapema, kabla mti haujalala. Amina.