Kiitikio Kikirudiwa Mara Nne

Kiongozi wa sifa akiinua kidole kimoja hewani, kanisa zima linajua kinachofuata: kiitikio kinarudiwa. Mpiga kinanda anajua, mpiga ngoma anajua, kwaya imeshaingia. Anayebaki njia panda ni kijana aliyekaa nyuma kabisa mbele ya kompyuta, kwa sababu slaidi inayofuata ni ya ubeti wa tatu, na kiitikio alishakipita. Anabonyeza mshale wa kurudi, anapitiliza, anakwenda mbele tena. Ukutani maneno yanapishana na sauti. Wazee hawana shida, wimbo wanao kichwani tangu Jumapili za utotoni. Wageni ndio wanaonyamaza.

Lawama asibebeshwe kijana. Makanisa mengi huanza na PowerPoint kwa kuwa aghalabu imo tayari kwenye kompyuta, na programu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya nyimbo. Ilitoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh, ikiwa kazi ya kampuni ndogo ya California iitwayo Forethought, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Mtu aliyefikiriwa alikuwa mwenye kutoa maelezo ofisini, anayejua slaidi ya kwanza hadi ya mwisho na kuzipitia kwa mpangilio. Ibada haiendi hivyo. Mchungaji anakumbuka andiko lisilokuwamo kwenye ratiba, pambio linazuka katikati ya maombi, wimbo wa sadaka unarudiwa kwa sababu foleni bado ndefu.

Ovahedi ya zamani, pamoja na uzito na joto lake, ilikuwa na sifa moja ambayo slaidi ziliipoteza: karatasi ya plastiki yenye kiitikio ilikaa pembeni, na mtu aliirudisha juu ya kioo kwa mkono wake kila ilipohitajika.

Programu za ibada zimerudisha uwezo huo. Zipo za kulipia, kama EasyWorship na ProPresenter, na zipo za bure, kama OpenLP na Quelea. Sura zinatofautiana, ila wazo ni lilelile. Nyimbo zinawekwa kwenye ghala moja, Biblia inakaa kwenye ghala lake, picha na video vilevile. Kwa kila ibada mwendeshaji anachota humo na kupanga ratiba. Kwenye skrini yake anaona vyumba viwili: kimoja cha kuchungulia kinachofuata, kingine cha kile ambacho waumini wanakiona kwa sasa. Anaweza kutafuta andiko, kulisoma na kuhakikisha ndilo, huku ukutani bado pana ubeti wa wimbo. Kitu hakiendi hewani mpaka akiruhusu.

Tofauti yenyewe inaonekana wimbo mmoja unapoingizwa. Chukua wa beti nne kutoka Tenzi za Rohoni. Kwenye PowerPoint, kiitikio kinanakiliwa mara nne, kimoja baada ya kila ubeti, na kosa la herufi likigunduliwa linasahihishwa mara nne. Kwenye OpenLP kila ubeti unaandikwa mara moja na kiitikio mara moja, kisha mpangilio unaandikwa kwa alama fupi: V ni ubeti, C ni kiitikio, hivyo V1 C1 V2 C1 na kuendelea. Siku ya ibada kiongozi akirudia kiitikio mara nne, mwendeshaji anakibofya palepale kilipo kwenye orodha, bila kuhesabu slaidi.

Kazi ngumu zaidi ni kukata mistari, na hapa Kiswahili kina matakwa yake. Neno kama "watakapokusanyika" lina herufi 17; likiandikwa kwa ukubwa unaosomeka kutoka benchi la mwisho, linakula nusu ya upana wa ukuta. Ukiiachia kompyuta, itaukata mstari pale nafasi inapoisha, na neno moja litadondoka chini peke yake. Waimbaji wanavuta pumzi pasipostahili. Mwenye kujua kazi huimba wimbo kimoyomoyo huku akichapa, na kuukata mstari pale sauti inapopumzika. Mistari minne kwa slaidi inatosha. Ikifika minane, herufi zinakuwa ndogo na bibi wa benchi la nyuma ameshaachwa.

Kunakili nyimbo kutoka mtandaoni ni njia ya mkato inayogeuka mzunguko. Makosa ni mengi, halafu kila dhehebu lina kitabu chake: Walutheri wa KKKT wana Mwimbieni Bwana, Waadventista Wasabato wana Nyimbo za Kristo, na wimbo uliotafsiriwa kutoka utenzi mmoja wa Kiingereza unaweza kuwa na maneno tofauti na namba tofauti katika kila kitabu. Slaidi ikisomeka hivi na kitabu mkononi kikisomeka vile, kanisa linaimba nyimbo mbili kwa pamoja. Hakuna dawa nyingine zaidi ya kukaa na kitabu chenyewe na kulinganisha ubeti kwa ubeti. Namba ya wimbo nayo iandikwe kwenye kona ya slaidi, kwa ajili ya wanaotembea na vitabu vyao.

Biblia ina jambo la namna hiyo. Wahubiri wengi bado wanasoma Union Version ya mwaka 1952, wakati kompyuta pengine imewekewa Habari Njema, ambayo lugha yake ni ya karibu zaidi na mazungumzo ya leo. Hata majina ya vitabu yanahitilafiana: Mithali katika moja ni Methali katika nyingine, na programu iliyoandikiwa jina isilolijua haitaleta kitu. Swali la kumuuliza mhubiri, basi, si sura na mstari pekee. Ni tafsiri ipi pia.

Jibu huja Jumamosi usiku, kwenye kundi la WhatsApp, likiambatana na video. Video hiyo imeshabanwa na WhatsApp ili iwe nyepesi kutumwa. Kwenye simu inapendeza, ukutani inaonekana vipande vipande. Angeituma kama hati, kwa sehemu ileile inayotumika kutuma mafaili, ingefika ilivyo. Faili lihamishiwe kwenye kompyuta na lichezwe lote mapema, na sauti isikike kwenye spika za kanisa. Kwa Wasabato muda ni mfupi zaidi, maana Sabato inaanza Ijumaa jua linapotua, na mwenye kuishika hataki kukutwa bado anachapa slaidi.

Matangazo yanastahili jicho la pekee. Majina ya wachumba wanaotangaziwa ndoa yatasomwa na koo mbili nzima, na herufi moja iliyopotea itazungumzwa mpaka kwenye harusi. Rangi ni jambo jepesi: makanisa yanayofuata kalenda ya liturujia yanaweza kuweka usuli wa zambarau wakati wa Kwaresima na kijani katika majira ya kawaida, mradi tu maneno yasimezwe na mapambo. Picha za machweo na maua nyuma ya maneno zina wapenzi wengi kuliko zinavyostahili.

Halafu kuna mwanga. Projekta haiwezi kurusha weusi; mahali panapotakiwa kuwa peusi haitupi kitu, na mtazamaji anauona ukuta kama ulivyo. Katika ukumbi wenye madirisha mapana saa nne asubuhi, usuli mweusi unakuwa kijivu cha chokaa. Ndiyo sababu slaidi iliyopendeza usiku nyumbani inakataa kusomeka kanisani. Ijaribiwe humohumo, saa ileile ya ibada, na mtu asimame mlangoni aseme kama anaona.

Waya nao una mipaka. HDMI ya kawaida ikizidi mita 15 hivi, picha huanza kukatika, na kijana wa nyuma kabisa ana mita nyingi za kumfikisha mbele. Kompyuta ipangiwe skrini mbili zinazojitegemea, kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na kuchagua kupanua badala ya kurudufu. Asipofanya hivyo, kila kitu anachokifanya kitaonekana na kanisa zima, pamoja na ujumbe wa mjomba unaochomoza pembeni. Arifa zizimwe. Umeme ukikatika, projekta ya taa inazimika ikiwa ya moto bila feni kuipoza, jambo linalofupisha umri wa taa. Betri ya akiba inaipa dakika chache za kuzimwa kwa utaratibu.

Suala lisilopendwa kuzungumzwa ni haki za nyimbo. Mwaka 1984 huko Chicago, baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba Jimbo Kuu Katoliki la jiji hilo lilipe zaidi ya dola milioni 3 katika kesi iliyotokana na parokia kunakili nyimbo za mchapishaji bila idhini. Shauri liliendelea kwenye rufaa, lakini makanisa ya Marekani yalikuwa yameshtuka, na mwaka 1988 ikaanzishwa CCLI, inayotoa leseni moja kwa nyimbo za wamiliki wengi. Tanzania ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999 na ofisi yake, COSOTA. Fanny Crosby, mtunzi kipofu wa maelfu ya tenzi, alifariki mwaka 1915, kwa hiyo maneno yake ya Kiingereza hayana tena mmiliki. Tafsiri ya Kiswahili ni kazi nyingine, yenye haki zake. Na wimbo wa kwaya uliotoka mwaka jana una mwenyewe, pengine yupo mtaa wa pili, na kumwomba ruhusa ni suala la kupiga simu.

Mtu wa kukalia kile kiti, kwa kawaida, huchaguliwa kwa sababu anajua kompyuta. Afadhali atoke kwenye kwaya. Kompyuta anaweza kufundishwa kwa jioni chache. Kuhisi kwamba kiongozi yuko karibu kurudia kiitikio kunatokana na kuimba miaka. Aje mazoezini na kompyuta yake, abofye wakati wenzake wanaimba, ajue nani hupenda kurefusha na nani hukata ghafla. Na pale ambapo hakuna mtu wa ziada, OpenLP inaruhusu slaidi kubadilishwa kwa simu, kupitia kivinjari, hata na mpiga kinanda mwenyewe. Ruta ndogo isiyo na bando inatosha, kwa kuwa simu na kompyuta zinawasiliana zenyewe bila kupitia intaneti.